Soma, Kisha Umjibu

Bwana Yesu asifiwe!

Baba mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya, mama zangu, na ninyi vijana mliokubali kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa nasi, nawashukuru sana. Nimeombwa nizungumze juu ya kusoma Biblia kwa namna itakayomkaribisha kila mmoja wetu kwa Mungu. Ni somo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Sikuja kuwahimiza muanze kusoma Biblia. Wengi wenu mnasoma. Kuna wanaosoma alfajiri kabla nyumba haijaamka, na wanaosoma kwenye simu ndani ya daladala. Ninaloliona, na limenisumbua muda mrefu, ni hili: tunasoma, tunafunga kitabu, tunaondoka bila kumwambia Mungu hata neno moja juu ya yale aliyotuambia. Baadaye tunapiga magoti na kumletea orodha ya mahitaji ambayo haihusiani kabisa na tulichosoma. Hebu fikirini mama anampigia simu mwanawe aliyeko chuoni, anamweleza mambo mazito ya nyumbani, na mwana badala ya kumjibu anasema, "Sawa mama, naomba hela ya matumizi." Halafu tunashangaa mbona Mungu yuko mbali.

Nitakayosema yote yanarudi kwenye jambo moja. Kusoma Biblia kunageuka kuwa kukutana na Mungu pale msomaji anapomjibu. Na shule ya kujifunzia kumjibu tumeshapewa, imo katikati ya Biblia, nayo ni kitabu cha Zaburi.

Najua kila Januari watu wengi huanza mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja. Biblia tunayoitumia hapa ina vitabu 66 na sura 1,189, kwa hiyo ni sura tatu au nne kila siku. Mwanzo inakwenda vizuri, Kutoka inakwenda vizuri, halafu Februari tunafika Mambo ya Walawi na wengi wanaishia hapo, kimya kimya, na aibu ikiwa imewajaa. Mpango huo ni mzuri, wenye nguvu ya kuumaliza na waumalize. Lakini mtu anaweza kuzimaliza sura zote 1,189 asiwe amezungumza na Mungu hata mara moja. Bwana Yesu aliwaambia hivyo watu walioyajua maandiko kuliko sisi sote humu ndani. Yohana 5, mstari wa 39 na 40: "Mwayachunguza maandiko, kwa sababu mnadhani kwamba ninyi mna uzima wa milele ndani yake, na hayo ndiyo yanayonishuhudia. Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima." Walichunguza, wala hawakuja. Maneno hayo yananitisha kila nikiyasoma, kwa sababu mimi ni mtu wa kuchunguza.

Mtu aliyenionyesha namna ya kumjibu Mungu hakujua kusoma. Ni bibi yangu mzaa mama, huko Machame. Alikuwa na Biblia ya Kiswahili aliyoitunza ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, na jioni tukishakula alinikabidhi mimi nimsomee. Kibatari kinatoa moshi, mimi ni mtoto, nina usingizi, nataka nimalize nikalale. Bibi hakuniacha nimalize. Nasoma, "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Ananyanyua mkono. "Ngoja kwanza." Anafumba macho, na kwa sauti ile ile ya kuzungumza na jirani ng'ambo ya migomba anasema kwa Kimachame: "Baba, umesikia alivyosoma mtoto. Sitapungukiwa na kitu. Kahawa bado hatujalipwa na hawa watoto hawana sare. Nakukumbusha." Kisha kwangu: "Haya, endelea." Naendelea, majani mabichi, maji ya utulivu, hapo hana neno, anaitikia kwa kichwa tu. Nikifika kwenye bonde la uvuli wa mauti mkono unanyanyuka tena. Mjomba wangu alikuwa amekwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge na siku nyingi hatujapata barua. "Baba, yule kijana sijui yuko bonde gani. Wewe wajua. Kaa naye."

Zaburi ile, ya 23, ina mistari sita. Kuna jioni hatukuifikia ya mwisho.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipogundua kwamba bibi alikuwa anafanya kile kile anachofanya Daudi ndani ya zaburi yenyewe. Fungueni muone. Mistari mitatu ya kwanza Daudi anatusimulia habari za Mungu. Katika malisho ya majani mabichi hunilaza. Kando ya maji ya utulivu huniongoza. Hunihuisha nafsi yangu. Anayetajwa ni Mungu, lakini wanaosimuliwa ni sisi. Ni ushuhuda, kama tunavyoshuhudia hapa Jumapili. Mstari wa nne anaingia bondeni, na hapo anatuacha sisi, anamgeukia Mungu mwenyewe: "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami, gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Hatangulizi "Ee Bwana" wala haagi wasikilizaji wake. Kwenye malisho alikuwa anasimulia habari za Mungu. Bondeni anaongea naye. Na akishaanza kuongea naye hataki kuacha: "Waandaa meza mbele yangu, machoni pa watesi wangu, umenipaka mafuta kichwani pangu, na kikombe changu kinafurika."

Wapendwa, wengi wetu tumeishi maisha yetu yote ya ukristo kwenye mistari mitatu ya kwanza. Tunajua mengi juu ya Mungu. Tunaweza kuhubiri, kuimba kwaya, kujibu maswali ya Biblia kwenye mashindano ya vijana tukachukua zawadi. Mstari wa nne hatujaufikia.

Hapo kwenye mafuta ya mstari wa tano niseme jambo zito, na nalisema kwa heshima ya marehemu na familia zao. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walipoteza maisha kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sisi tunaotoka upande ule tunajua maana ya misiba ile. Sina hata chembe ya hukumu kwa waliokimbia. Walikuwa wanatafuta kile ninachokitafuta mimi: Mungu aniguse mimi, na ugonjwa wangu huu, na mwanangu huyu asiye na kazi. Kiu ile ni halali, aliyetuumba ndiye aliyeitia ndani yetu. Kinachoniuma ni Mkristo kuishi akiamini kwamba Mungu hawezi kumfikia mpaka apitie mafuta yaliyomwagwa na mtu mwingine. Katika Zaburi ya 23 anayepaka mafuta ni mwenye meza mwenyewe, na anayepakwa ameketi. Hakimbizani na mtu. Ningetamani kila nyumba ya Mkristo iufahamu mstari ule kiasi cha kuweza kumwambia Mungu, "Bwana, nipake hapa hapa nilipo."

Sasa nizungumzie bonde, maana hapo ndipo tunaponyamaza.

Mimi nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nimestaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa wodi ya watoto. Mtoto akifariki, ndugu wanaofika wanakuja na maneno yao. "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." "Usilie sana, usije ukakufuru." "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Hilo la mwisho, kama tunavyolisema, wala halimo kwenye Biblia, lililomo ni habari ya majaribu, 1 Wakorintho 10:13, na halikuandikwa kwa ajili ya kumfunga mdomo mama aliyefiwa. Nimeona akina mama wakinyamazishwa hivyo wakiwa bado wamemshika mtoto. Usiku mmoja mama wa namna hiyo alinivuta gauni, akaniuliza taratibu, ndugu wasisikie, kama ni dhambi kumuuliza Mungu kwa nini. Mfukoni nilikuwa na lile Agano Jipya dogo lenye Zaburi na Mithali mwishoni. Nikamsomea Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Akaniangalia. "Hayo yameandikwa humo?" Nikampa kitabu aone mwenyewe. Akafuata maneno kwa kidole, moja baada ya jingine. "Hata lini" iko mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Alipofika ya nne akaangua kilio, na kilio kile kilikuwa na maneno ndani yake, na maneno yale yalikuwa yanaelekezwa kwa Mungu. Shangazi yake akataka kumnyamazisha. Nikamwomba shangazi amwache.

Hakuna nilichomfundisha. Zaburi ilimpa ruhusa.

Hebu tuipekue zaburi ile kidogo, maana ni fupi, ina mistari sita tu kama ya 23. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko matupu. Mlalamikaji hamsemi Mungu kwa majirani, anamwambia Mungu uso kwa uso: wewe umenisahau, wewe unanificha uso. Mistari miwili inayofuata ni ombi: "Uangalie, uniitikie, Ee Bwana, Mungu wangu." Mnaona? Huyo anayemlaumu kwa kumsahau bado anamwita Mungu wangu. Mistari miwili ya mwisho anasema amezitumainia fadhili za Bwana na kwamba atamwimbia. Kati ya mstari wa nne na wa tano hatuambiwi kilichotokea. Hatuambiwi adui alianguka, wala mgonjwa alipona. Pengine ilikuwa dakika moja, pengine mwaka mzima. Mimi naamini nafasi ile imeachwa wazi makusudi, ili msomaji akae humo kwa muda wake. Kuna mtu leo yuko mstari wa pili. Tusimburute kumpeleka wa sita.

Na asidhani kwamba lazima afike wa sita leo. Zaburi ya 88 haifiki. Inaanza kwa kumwita Bwana, Mungu wa wokovu wangu, na inaisha gizani, mpenzi na rafiki wametengwa naye, basi, hakuna aleluya mwishoni. Wazee waliokusanya zile zaburi 150 wangeweza kuiacha nje. Waliiweka. Katika aina zote za zaburi, zilizo nyingi zaidi ni hizi za kulalamika, na tena hizo ndizo tunazoziimba kwa nadra mno kanisani. Matokeo yake mtu akipatwa na giza anajiona amepoteza imani, kumbe yuko ndani ya Biblia katikati kabisa.

Hata Bwana wetu pale msalabani hakutunga maneno mapya. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22. "Mikononi mwako naiweka roho yangu" ni Zaburi ya 31. Mwana wa Mungu alipokuwa anakata roho alizungumza na Baba yake kwa zaburi alizojifunza tangu utoto wake Nazareti. Kama yeye alizihitaji, mimi ni nani?

Basi tunafanyaje? Sisi Walutheri tuna msaada mzuri ambao sijui kwa nini hatuufundishi. Mwaka 1535 kinyozi wa Martin Luther, aliyeitwa Peter, alimwomba amfundishe kuomba. Luther akamwandikia barua ndefu. Alimwambia kwamba kinyozi mzuri huweka macho na mawazo yake yote kwenye wembe na nywele, maana akianza kupiga soga na kuwaza mengine atamkata mteja pua, au hata koo. Na sala, akasema, inadai usikivu kama huo. Kisha akamweleza anavyofanya yeye mwenyewe. Anachukua neno moja la Mungu na kulipitia mara nne. Kwanza anajiuliza, neno hili linanifundisha nini? Pili, linanipa sababu gani ya kushukuru? Tatu, linanifunulia dhambi ipi ya kuungama? Nne, linanisukuma niombe nini? Mnaona kwamba ni la kwanza tu ambalo ni la kujifunza. Mengine matatu yote ni kujibu.

Jaribuni na mstari mmoja tu: "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Inanifundisha kwamba ninaye wa kuniangalia, si mimi ninayejiangalia. Nashukuru kwa chakula cha jana, na kwa mpangaji aliyelipa kodi kwa wakati. Naungama kwamba wiki nzima nimelala nikihesabu pesa kichwani kana kwamba sina mchungaji. Naomba anipe usingizi usiku huu na anionyeshe cha kufanya kesho. Imechukua muda gani? Mfupi kuliko kuchemsha maharage. Lakini leo mimi na Mungu tumezungumza.

Kuna jambo jingine katika barua ile ninalolipenda sana. Luther anamwambia kinyozi kwamba ukiwa katikati ya kuomba hivyo na mawazo mema yakaanza kufurika, acha utaratibu wote, nyamaza, usikilize, kwa kuwa hapo Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri. Kwa hiyo msiifanye iwe sheria. Ni ngazi ya kupandia tu.

Sasa vijana mtaniuliza, nikishamjibu Mungu, naye ananijibu vipi? Mimi sijawahi kusikia sauti masikioni, na sitawadanganya. Mara nyingi ananijibu kesho yake, katika andiko linalofuata. Ndiyo maana nawasihi msome kwa mfululizo. Ukiwa unachagua mwenyewe kila siku mistari unayoipenda, utakuwa unamwandikia Mungu maneno ya kukuambia. Soma zaburi moja kila siku kwa kufuatana, na ile ya 119 ambayo ina mistari 176 igawe, maana imepangwa kwa mafungu 22 ya mistari minane minane. Utakutana na siku ambayo wewe una furaha, umepata ajira, na zaburi ya siku hiyo ni maombolezo. Usiiruke. Yuko mtu katika jumuiya yako ambaye ni zaburi yake. Iombe kwa niaba yake, na ukitoka hapo umpigie simu. Na utakutana na zaburi za kuwaapiza adui, zinazotisha, kama ya 109. Hizo nazo zina kazi: mtu aliyedhulumiwa shamba anaweza kumwaga hasira yake yote mbele za Mungu na kuiacha huko, badala ya kuipeleka kwa mganga au kuchukua panga.

Lazima pia niwaonye, maana kusoma binafsi kuna hatari yake. Kumkaribia Mungu katika Neno hakuna maana ya kunyakua mstari wowote na kuuandika jina langu. Mfano mnaoujua wote ni Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Uko kwenye kadi za harusi, uko kwenye vioo vya magari, uko kwenye status. Ni neno zuri, nami nalipenda. Lakini someni sura nzima. Ni barua ya Yeremia kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa kumi, mmoja tu kabla ya huo, unawaambia kwamba ahadi itatimizwa baada ya miaka sabini. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa walijua watazikwa ugenini. Na mstari wa tano unawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Huyo ndiye Mungu mwenye mawazo ya amani: anampa mtu amani ya kupanda miti katika mji ambao hakuuchagua. Ukiujua ukweli huo mstari unakuwa wako zaidi. Binti aliyehamishiwa kazi mkoa asioutaka anaweza kumjibu Mungu kwa andiko hilo, na litambeba, kwa sababu ndivyo lilivyowabeba wale wa kwanza.

Kwa hiyo msisome peke yenu siku zote. Katika Matendo sura ya nane yuko ndugu yetu Mwafrika, Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia Kandake, anarudi kwao akiwa juu ya gari lake, anasoma Isaya. Filipo alimsikia, maana yake alikuwa anasoma kwa sauti. Akamuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Yule mkubwa, mwenye mali zote za malkia mikononi, akajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Akamkaribisha apande, akae naye. Hakuna aliyepungukiwa heshima hapo. Mchungaji yupo, wainjilisti wapo, jumuiya zetu zipo kila wiki. Ulichokwama nacho asubuhi, kilete jioni.

Mambo madogo niyapitie haraka. Someni kwa sauti, hata ya chini, kama yule Mwethiopia. Macho peke yake yanakimbia. Ukisomea kwenye simu, zima data kwanza. Kama Kiswahili cha tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 kinakuzidi, soma pia Habari Njema, si dhambi. Na ukishasoma, mjibu Mungu kwa lugha unayolilia, ya kwenu, hata kama umechanganya na Kiswahili. Mmisionari Krapf alipoanza kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili pale Mombasa mwaka 1844, mwaka ule ule aliomzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, alikuwa anafanya kazi iliyosimama juu ya imani hiyo: kwamba hakuna lugha ya nyumbani ambayo Mungu anaona haya kuisema.

Na kwa wazee wangu, na ninyi mnaouguza wazee nyumbani, neno moja. Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliugua na kufa mwaka 430 huku mji ukiwa umezingirwa na jeshi la Wavandali. Aliyeandika habari za maisha yake, Possidius, anasema kwamba katika siku zake za mwisho aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, naye akawa anazisoma akiwa kitandani na kulia. Mtu huyu aliandika na kuhubiri mengi kuliko karibu viongozi wote wa kanisa wa wakati wake, lakini alipolala kwa mara ya mwisho alitaka maneno ya kumwambia Mungu, mahali ambapo macho yake yatayafikia. Kama una mgonjwa asiyeweza tena kushika kitabu, chukua karatasi kubwa, andika Zaburi ya 51 au ya 130 kwa herufi nene, ibandike anapotazama. Usisubiri akuombe. Wagonjwa wengi wanaona haya kuomba.

Nimesema vya kutosha. Zimebaki dakika ishirini kabla ya chai, na ningependa tuzitumie kufanya badala ya kusikiliza. Fungueni Zaburi ya 13. Ambaye hana Biblia asogee kwa jirani. Tutaisoma wote pamoja kwa sauti, mara moja, polepole. Kisha kila mtu achague mstari mmoja, ule unaomhusu leo, hata kama ni wa kwanza, na amjibu Mungu pale pale alipoketi: ni fundisho gani, ni shukrani ipi, nini cha kuungama, nini cha kuomba. Msiogope kunong'ona, na atakayelia aachwe alie. Mzee wa kanisa atatugongea kengele muda ukiisha. Zaburi ya 13, mstari wa kwanza, tuanze.